Foram, nano, radiolaria, diatomu au dino: utumie zipi kujua umri wa tope la bahari?

Hili swali haliishi, wanaliuliza wanafunzi wa jiolojia wanaotafuta mada ya tasnifu na wanaliuliza hata watu wa visima vya gesi: nina tope la kale la bahari hapa, nataka kujua ni la miaka milioni mingapi, nianze na visukuku vipi? Hayo matano ya kwenye kichwa ni makundi ya viumbe vidogo vya baharini, visukuku vyake unavitazama kwa hadubini. Na jibu analopewa mtu mara nyingi linategemea amemuuliza nani. Ukimfuata mtu wa foram atakwambia foram, wa nano atakwambia nano ndo habari ya mjini, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mi nasema usianze na kundi, anza na tope lako, manake kundi lenye zoni (vipande vya umri) nzuri kuliko yote duniani halikusaidii chochote kama maganda yake yaliyeyuka kabla hujazaliwa.

Kwanza tuelewane jinsi inavyofanya kazi. Kisukuku chenyewe hakijaandikwa mwaka. Tunachojua ni kwamba spishi fulani ilitokea wakati fulani na ikatoweka wakati fulani, na hizo nyakati zimepatikana kwa kulinganisha na vitu vingine, kama kugeukageuka kwa sumaku ya dunia iliyobaki kwenye mashapo, majivu ya volkano, na mabadiliko yanayojirudia ya njia ya dunia kulizunguka jua. Ni sawa na kuona picha ya harusi ambayo haina tarehe ila kuna mtu kashika Nokia ya tochi, unajua hiyo picha haiwezi kuwa ya 1985. Mtu anaweza akawa bado anatumia simu ya zamani mpaka leo, ila hawezi kushika simu ambayo haijatengenezwa, kwa hiyo kwenye tope pia kisukuku kichanga kuliko vyote ndicho kinachokubana, vile vya zamani vinaweza kuwa vimesombwa tu kutoka mahali pengine.

Na usidharau hii kazi. Mwishoni mwa 1968 meli ya Glomar Challenger iliondoka Dakar kuelekea Rio de Janeiro huku ikitoboa sakafu ya Atlantiki ya kusini, wakawa wanachukua tope lililolala moja kwa moja juu ya mwamba wa basalti, wanaangalia foram na nano zilizomo, na wakakuta kadiri unavyoondoka kwenye ule mgongo wa katikati ya bahari, safu ya milima iliyo chini ya maji, ndivyo tope la chini kabisa linavyozidi kuwa la zamani, hesabu ikatoka kama sentimita mbili kwa mwaka kila upande. Wale waliokuwa bado wanabisha kwamba sakafu ya bahari haitanuki hapo waliishiwa maneno.

Vigezo ninavyotumia ni vitano na kila kundi nitalipitisha humohumo: linataka tope la aina gani, linafika umri gani na kwa usahihi gani, kazi ya maabara na gharama, linadanganya wapi, halafu linamfaa nani.

FORAM ZA KUELEA

Tope: hivi ni viumbe vya seli moja, ganda ni kalsiti, yaani chokaa, kwa hiyo zinataka bahari ya wazi, na aina zake zinakuwa nyingi zaidi maji ya tropiki. Ila kuna kina ambacho chini yake chokaa yote inayeyuka, sehemu nyingi ni kati ya mita 4,000 na 5,000, ukichukua tope la chini ya hapo unapata udongo mwekundu mtupu. Ukisogea sana ufukweni nako zinapungua.

Umri: za kuelea zilianza Jurasiki, enzi ya dinosaria, lakini utamu wake ni kuanzia Kretasia iliyofuata mpaka leo. Kuanzia miaka milioni 66 iliyopita kuja huku zoni zake zimepewa herufi kufuata enzi, P ni Paleosini, E Iosini, O Oligosini, M Miosini, na kuendelea. Zoni moja mara nyingi ni nusu milioni mpaka miaka milioni mbili tatu hivi. Kwa tope changa kuna alama moja naipenda sana: Globigerinoides ruber ya rangi ya pinki. Atlantiki ipo hai mpaka leo, ila huku Bahari ya Hindi na Pasifiki ilitoweka kama miaka 120,000 iliyopita. Kwa hiyo ukiwa na kori, yaani mche mrefu wa tope uliochorongwa, ya baharini huku kwetu ukashuka ukaanza kuona pinki, umeshajua upo wapi, na hapo hujalipa maabara yoyote.

Maabara: hapa ndo raha ya foram. Gramu 10 mpaka 50 za tope, unaloweka kwenye maji na kidogo peroksidi ya haidrojeni, unaosha juu ya chekeche la mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unakausha kwenye oveni ya moto mdogo, halafu unakaa na hadubini ya macho mawili na brashi nyembamba iliyoloweshwa unaokota moja moja. Vifaa ni bei nafuu. Ila muda unakwenda, na mgongo utauma.

Inapodanganya: zile zilizosombwa kutoka miamba ya zamani, hilo la kwanza. La pili ni kwenye visima vya mafuta na gesi, vipande vya juu vinaporomoka ndani ya shimo na kuchanganyika na vya chini, sasa ukiona spishi kwenye sampuli ya chini hujui ilikuwa hapo au imedondoka. Ndo maana watu wa visima wanategemea kutoweka kwa spishi na siyo kutokea kwake, yaani ile mara ya kwanza unapokutana nayo ukiwa unashuka. Na keekee za kisasa za almasi zinasaga mwamba mpaka foram zinakuwa unga.

Inamfaa nani: mwenye mfinyanzi laini wa bahari ya tropiki, mwenye muda, asiye na hela nyingi. Na pia anayetaka ganda hilohilo limpe joto la maji ya kale kupitia isotopu za oksijeni, hapo unapata umri na tabianchi kwa pamoja.

NANO

Tope: chokaa tena, ni vibamba vya mwani mdogo sana wa baharini, mikroni 2 mpaka 20. Kina kirefu zinayeyuka nazo, japo zile ngumu kama Discoaster, zenye umbo la nyota, zinavumilia sana. Ubaya wa Discoaster ni kwamba chokaa inaota juu yake ndani ya mwamba mpaka nyota inakuwa bonge tu lisilo na jina.

Umri: kuanzia mwisho wa Triasiki, enzi iliyotangulia Jurasiki, mpaka leo. Zoni maarufu ni za mtafiti Martini za 1971, NP kwa Paleojini (Paleosini mpaka Oligosini) na NN kwa Neojini (Miosini kuja huku), na wengine wanatumia CP na CN za Okada na Bukry za 1980. Kwa tope changa nano zimejipanga vizuri mno: Emiliania huxleyi inatokea karibu miaka 290,000 iliyopita, Pseudoemiliania lacunosa inatoweka kama 440,000, Discoaster ya mwisho kabisa, brouweri, inaondoka kama miaka milioni 1.93. Hizo tatu tu zinakutosha kukata kori fupi vipande.

Maabara: dakika kumi. Sitanii. Unachukua tope kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno, tone la maji, unapaka kwenye kioo, unakausha, gundi, kifuniko, unaweka chini ya hadubini yenye mwanga wa polaraizi ukuzaji wa mara 1,000. Ndo maana kwenye meli za utafiti mtu wa nano anatoa umri wa kwanza wakati wa foram bado anaosha chekeche. Gharama ipo kwenye hadubini yenyewe na kwenye macho ya mtu, manake kujifunza kuzitambua kunachukua muda mrefu.

Inapodanganya: udogo wake huohuo. Zinasombwa kirahisi na zikifika zinaonekana nzima kama zimekufa jana, na kijiti kilichotumika kwa sampuli mbili kinatosha kuhamisha umri. Kwa upande mwingine keekee haiziwezi, zinapita salama, kwa hiyo kwenye vipande vya kisima nano zinabaki pale foram ziliposagika.

Inamfaa nani: mwenye sampuli nyingi na muda mdogo, au sampuli ndogo kama punje ya maharage.

RADIOLARIA

Tope: hivi pia ni viumbe vya seli moja, ila ganda ni silika, kitu cha kioo, hivyo kile kina kinachoua chokaa hakizisumbui, zinapatikana hata kwenye tope la bahari kuu kabisa. Na tope hilo likigeuka kuwa chati, lile jiwe gumu linalokatika kama kioo, radiolaria zinabaki ndani.

Umri: zipo tangu Kambria, zaidi ya miaka milioni 500, hakuna kati ya haya makundi mengine manne linalomfikia. Usahihi kwa Senozoiki (miaka milioni 66 ya mwisho) ya tropiki ni mzuri, unashindana na foram.

Mfano wake ni Japani na hapa naomba nikae kidogo, manake bila hii stori watu wanadharau radiolaria. Kwenye milima ya katikati ya kisiwa cha Honshu, eneo la Mino, kuna chati nyekundu na mawe ya tope yaliyokunjamana vibaya, na ndani yake mna mabonge ya chokaa yenye fusulinidi, foram kubwa za zamani za Pemiani, enzi iliyotangulia Triasiki. Kwa miaka mingi watu wakasoma umri kwenye chokaa wakasema eneo lote ni la enzi hiyo. Ilipofika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 wakaanza kuyeyusha chati na mawe ya tope kwa asidi, radiolaria zikatoka za Triasiki na Jurasiki. Kumbe yale mabonge ya chokaa yalikuwa wageni tu, yamebebwa na sakafu ya bahari, yakaja kupakuliwa pembeni mwa bara ndani ya tope changa zaidi. Ramani ya jiolojia ya Japani ikabidi ichorwe upya.

Maabara: kwa tope laini ni kazi nyepesi, asidi ya kuondoa chokaa na chekeche. Kwa chati ni asidi ya hidrofloriki, na hiyo siyo ya kujaribia kwenye chumba chenye feni. Inakula kioo, inapenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni halafu inaifuata kalsiamu ya mwilini. Kama chuo chenu hakina kabati la kunyonya mvuke, vyombo vya plastiki na jeli ya kalsiamu glukonati pembeni, achana nayo, tafuta wa kushirikiana naye.

Inapodanganya: wataalamu ni wachache na majina yanabadilikabadilika, hilo ndo linaloumiza wengi. Pia zikizikwa kina kirefu chenye joto silika inabadilika na umbo linapotea.

Inamfaa nani: mwenye chati, mwenye tope la kina kisicho na chokaa, au anayechimba enzi za kabla ya Jurasiki.

DIATOMU

Tope: silika pia, lakini hizi ni mwani na zinashamiri zaidi kwenye maji baridi yenye virutubisho, Bahari ya Kusini kuizunguka Antaktika na Pasifiki ya kaskazini. Huko foram na nano ni aina chache na chokaa haikai, diatomu ndo wafalme.

Umri: zinafaa zaidi kuanzia mwisho wa Iosini kuja huku, na kwa miaka milioni chache ya karibuni huko kwenye baridi usahihi wake ni mkali sana. Maabara ni rahisi, asidi ya kawaida na peroksidi, kioo, hadubini.

Inapodanganya: opali yake ni laini, ikizikwa na kupata joto la nyuzi 40 au 50 hivi inaanza kugeuka na visukuku vinafutika. Halafu zoni za Antaktika huwezi kuzipeleka ikweta, spishi ni tofauti. Na kuna kisa cha Neodenticula seminae, ilipotea Atlantiki ya kaskazini kwa zaidi ya miaka 800,000 halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana tena huko, imepita kwenye Aktiki barafu ilipopungua. Fikiria mtu wa miaka milioni ijayo anasoma hilo tope. Kupotea mahali fulani siyo lazima kuwe kutoweka duniani.

Inamfaa nani: anayefanya kazi kwenye latitudo za juu. Wa tropiki, isipokuwa kwenye maji yenye kupanda kwa virutubisho, usianzie hapa.

DINO

Hivi ni vifuko vya dinoflagelata, viumbe vya seli moja vya majini, ganda lake siyo chokaa wala silika, ni kitu cha ogani kigumu ajabu. Tope: ndo kundi linalonisaidia zaidi hapa ufukweni, kwenye delta, rasi, mashapo ya kijivu yenye mabaki ya mimea, na sampuli hiyohiyo inakupa chavua za nchi kavu. Mashapo mekundu yaliyooksidishwa hazimo.

Umri: Triasiki mpaka sasa, usahihi wa wastani kwa Senozoiki na mzuri kwa Jurasiki na Kretasia. Kuna wakati mmoja zinapiga kelele kuliko wote, miaka milioni 56 iliyopita dunia ilipopata joto la ghafla, dino iitwayo Apectodinium ikajaa pwani karibu dunia nzima.

Maabara: ghali. Asidi ya hidrokloriki halafu hidrofloriki, onyo la juu linahusika. Inapodanganya: zinasombwa kama nano, na joto kubwa la mwamba linazigeuza nyeusi, japo weusi huohuo unamwambia mtu wa mafuta mwamba umepikwa kiasi gani. Inamfaa nani: makampuni ya mafuta na gesi, na yeyote mwenye mashapo ya pwani ambako foram zimekataa.

KILWA, MAHALI PA KUZILINGANISHA

Kama unataka kuona makundi yakishindana kwenye tope moja huna haja ya kwenda mbali. Mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, ule uliowekwa kwenye kundi la miamba linaloitwa Kilwa, una tabaka za kuanzia Kretasia ya mwisho mpaka Oligosini, na kwa kuwa ni mfinyanzi usiopitisha maji na haukuzikwa kina kirefu, foram zake zinang'aa kama kioo. Mwaka 2001 foram za huko zilitumika kuonyesha kwamba bahari za tropiki za Iosini hazikuwa baridi kama vipimo vya awali vilivyokuwa vinasema, tatizo lilikuwa maganda ya kori nyingine yalishabadilika kalsiti. Baada ya hapo mradi wa uchorongaji ukatoboa mashimo kadhaa mafupi maeneo hayo.

Sasa angalia mpaka wa Iosini na Oligosini, miaka milioni 33.9. Rasmi unatambulika kwa kutoweka kwa foram za familia ya Hantkenina, zile zenye miiba, na jiwe la rejea lipo Massignano, Italia. Kwenye kori za Tanzania unaona kundi la Turborotalia cerroazulensis linaondoka kwanza, muda mfupi tu baadaye Hantkenina, na foram kubwa za maji mafupi zinapata pigo karibu na usawa huohuo. Nano je? Discoaster saipanensis inaondoka mapema, kama miaka milioni 34.4. Kwa hiyo mwenye nano peke yake anajua yupo jirani na mpaka lakini bado yuko upande wa Iosini, mwenye foram anauwekea kidole. Ila yule wa nano alishajua yupo jirani siku ya kwanza mchana, huyu wa foram bado anasubiri oveni. Ndo maana mi huwa naona kubishana nani bora ni kupoteza muda, walifanya zote mbili.

SASA WEWE UPO WAPI

Una kori fupi ya bahari kuu ya huku kwetu, miaka milioni moja mbili ya karibuni: nano kwanza, halafu angalia ruber ya pinki, na kama juu kabisa unataka miaka elfu chache tumia kaboni 14, ambayo inaishia kama miaka 50,000.

Una mfinyanzi wa Kilwa au Lindi kwa ajili ya tasnifu: foram, na umwombe mtu wa nano akupitishie vioo vitano sita vya kukuhakikishia. Ukikuta chokaa ngumu imejaa vitu kama sarafu, hizo ni Nummulites, foram kubwa za kale, haohao waliojaa kwenye mawe ya piramidi za Giza, hapo achana na chekeche, kata jiwe liwe jembamba lipitishe mwanga.

Una vipande vya kisima: nano pamoja na dino, soma kutoweka tu, na kama kuna kori ya pembeni ya ukuta wa shimo, hata moja, iamini hiyo kuliko vipande kumi.

Mashapo ya delta kama Rufiji: dino na chavua. Chati au mwamba wa kabla ya Jurasiki: radiolaria, na bajeti ya maabara salama. Antaktika: diatomu, ingawa kwa huko mtakuwa timu kubwa hamna haja ya ushauri wangu.

Huna hela kabisa ila idara yenu ina hadubini ya polaraizi inayotumika kwa miamba: nano, cha kuongeza ni lenzi ya mafuta ya mara 100 na vijiti vya meno. Una ya macho mawili tu: foram.

Na kama huna tope lenyewe, kori za miradi ya kimataifa zilizotobolewa Bahari ya Hindi zimehifadhiwa Kochi, Japani, mtafiti anaomba sampuli kwa fomu bila kuzilipia. Amua kundi kabla ya kujaza, manake kwa nano sentimita moja au mbili za ujazo zinatosha, kwa foram omba kama kumi mpaka ishirini, na eleza ni kwa nini unazitaka nyingi hivyo.